Dinosa Aliyenyonyoka

Kila siku nikitoka shule, hufanya kazi zangu za nyumbani kando ya shangazi, ambaye huchonga wanyama kwenye kompyuta. Mwezi ule alikuwa akitengeneza dinosa mla nyama kwa ajili ya makumbusho: meno, makucha kama mundu, na manyoya aliyoyapanda moja moja toka shingoni hadi mkiani. Kaka yangu alicheka sana. "Dinosa gani huyo? Si kuku tu!"

Maneno yale yakanikaa kichwani. Shangazi alipotoka kwenda dukani, nilitaka kumwona mnyama bila manyoya, mara moja tu. Nikayachagua yote, nikabofya "Futa". Akabaki ngozi tupu, jicho limenikodolea. Nikaingiwa na hofu, nikafunga haraka. Kompyuta ikauliza kitu; nikabofya "Ndiyo" bila kusoma.

Nilipofungua tena, hapakuwa na hata unyoya mmoja. Na watu wa makumbusho walikuwa wanakuja kesho asubuhi!

Shangazi akarudi. "Mbona kimya hivyo?"

"Hamna kitu, shangazi."

Akaenda jikoni kuinjika chai. Nikaegemeza daftari kwenye kioo cha kompyuta, eti nifiche hasara ya kazi ya mwezi mzima. Niliwaza kumsingizia kaka. Kila kijiko kilipogonga kikombe nilishtuka. Mwishowe nikashindwa, nikamfuata jikoni.

"Shangazi, nimeyafuta manyoya. Yote. Nisamehe."

Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alikimbilia kompyuta, akashika kipanya. "Mashine hii hutunza nakala moja tu ya akiba," alinong'ona, "na kila saa inapotimia huifuta na kuweka mpya."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja kasoro dakika nne; zilibaki dakika nne tu nakala nzima ifutwe.

Akaifungua nakala ile, akaihifadhi kwa jina jingine. Manyoya yakarudi, yote. Shangazi akashusha pumzi.

"Kugusa kazi ya mtu bila ruhusa ni kosa, mwanangu. Lakini 'hamna kitu' yako ndiyo ingetumaliza. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama unatetemeka, maana bado kuna nafasi ya kurekebisha."

Niliitikia kwa kichwa huku machozi yakinitoka. Kisha harufu ya kuungua ikatufikia kutoka jikoni.

"Nimesahau chai motoni," akasema shangazi. "Hilo ni kosa langu, na nimelisema papo hapo."