Kanda ya Mwanarusi

Zein alipandwa na hasira siku ya kwanza aliyomwona Mwanarusi, na hasira hizo hazikumshuka mwaka mzima.

Ilikuwa Makadara, Mombasa, saa nne asubuhi, duka la kunakili kanda za video limejaa watu. Msichana aliyekuwa nyuma ya meza, buibui jeusi tii, asmini ikinukia chini ya mtandio, alimtazama mara moja tu.

"Watakani?"

"Kanda ya harusi ya dadangu."

"Ya wanawake hiyo. Haishikwi na mwanamume. Mlete mamako nimpe."

"Mama magoti yamuuma! Nami ni ndugu wa bibi-arusi!"

"Na wale waliocheza vichwa wazi, nao ni dada zako?"

Watu wakacheka. Zein aliondoka mikono mitupu, na kesho yake akarudi bila sababu yoyote.

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu, ya dukani na ya hospitali ambako Zein alikuwa fundi wa picha za moyo. Kisha Mwanarusi akaanza kubanwa na kifua. Madaktari watatu walimwambia ni mawazo. Miaka ishirini na tisa, nani angefikiria moyo? Mara mbili Zein alitaka kumtuma mamake na posa, na mara mbili akaambiwa, "Ngoja kwanza, roho yangu," bila kuelezwa angoje nini.

Hatimaye, huko Nairobi, walimpitisha waya mwembamba ndani ya mshipa wa moyo, wakaupiga picha kwa mawimbi ya sauti, wakampa kanda yake, naye akamletea Zein. Daktari Kalama wa Mombasa alitaka jibu kabla ya Alhamisi. Kama mshipa umeziba, Mwanarusi apasuliwe kifua. Kama ukuta wake umechanika tu, uachwe upone wenyewe, maana kisu kingeuharibu zaidi. Kazi ya Zein ilikuwa kuzitia picha zile kwenye kompyuta na kuzipanga kama vipande vya mkate wa boflo, mpaka mshipa uonekane mzima, mbele, nyuma na ubavuni.

Kompyuta ilisaga siku mbili. Jumatatu picha ikatoka, na katikati mshipa uliruka, kama ngazi iliyong'olewa kidato. Zein akaipiga meza ngumi, akapiga simu dukani.

"Mwanarusi, nani kaikata kanda hii?"

Upande wa pili Mwanarusi akaanza kumhesabia mteja chenji.

"Nakuuliza weye! Ulinipa nakala, tena imekatwa!"

"Nilitoa pasipo na maana. Kama tufanyavyo za harusi, pale watu wanapokaa tu."

"Huu ni moyo, si harusi! Huenda pale ulipokata ndipo palipochanika. Wataka kupasuliwa bure?"

Simu ikakatwa. Zein alikaa akiiangalia. Mwanamke hataki kuolewa naye, na sasa hataki hata kuponywa naye! Aliudhika mpaka chai ikampolea mkononi.

Jumanne Mwanarusi alikuja mwenyewe, akihema, na kanda ya asili ndani ya bahasha.

"Sikiliza kwanza, kisha unitukane."

Zein akaitia kwenye video. Sauti za madaktari zilisikika, kisha sauti ya Mwanarusi, nzito kwa dawa: "Zein asinipose... Nampenda, lakini sitaki aoe maiti."

Zein alishindwa kumtazama.

"Si ungezima sauti tu?"

"Mkono umezoea kukata," alisema huku akilia. "Niliona haya, Zein."

"Muda wote huu wanizungusha, kumbe ni hili! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeniacha?"

"Singekuacha."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Alhamisi Daktari Kalama aliigeuza picha mpya kila upande. Pale palipokuwa pamekatwa, ukuta wa mshipa ulikuwa umechanika, na ulikwisha kuanza kujishikiza. "Asiguswe," alisema. Zein alizungusha namba za duka.

"Umechanika tu, mpenzi, na wapona wenyewe. Hupasuliwi."

"Alhamdulillahi," alisema Mwanarusi, akalia kwa muda.

"Na kanda yako ninayo hapa."

"Kanda ya mwanamke haikai kwa mwanamume baki."

Hasira zile za mwaka mzima zikampanda tena. "Hata leo, Mwanarusi? Haya, naileta sasa hivi!"

"Nani kakwambia uilete?" Alikuwa akicheka, na Zein alikuwa hajakisikia kicheko hicho kwa miezi. "Magoti yamuume, yasimuume, mlete mamako."