Piko Miguuni mwa Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Shahida hukaa ukingoni mwa kitanda cha bibi yake, Bi Tamima, akamshika kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo. Moyo wa Bibi una maradhi ya kupiga bila mpango: mara unakimbia, mara unasita, mara unakimbia tena. Dawa huutuliza kidogo. Lakini wiki ile haukutulia.

"Vipi leo?" Bibi aliuliza.

"Kama kuku anayefukuzwa."

Bibi akacheka, kisha akazivuta soksi zake juu. Shahida akatazama pembeni.

Wote wawili walijua kilichomo ndani ya soksi zile. Kwa ajili ya harusi ya Shangazi Basma, Shahida alimpaka Bibi hina miguuni. Mama alisema hina tu, piko, ile rangi nyeusi, hataki kuiona. Lakini Shahida alitaka maua meusi kama ya bibi harusi, akachanganya hina na dawa ya kutia nywele weusi bila kumwambia mtu. Kesho yake miguu ikawasha, ikatoka malengelenge, na sasa ilikuwa vidonda vyenye usaha.

"Usimwambie mama yako," Bibi alimnong'oneza. "Atakuchapa bure. Vitapona."

Alasiri Bibi alishindwa kupanda ngazi za nyumba yao ya Kikwajuni. Pumzi zilimkata. Mama akampeleka hospitali, na Shahida akafuata.

Dokta Mmanga alipima damu, akapitisha kipimo kifuani ili auone moyo unavyofanya kazi.

"Moyo hausukumi damu vizuri kama safari iliyopita," alisema. "Na damu inaonyesha mchochota, yaani mwili unapambana na kitu mahali fulani. Mapambano hayo huuchokoza moyo ambao tayari una hitilafu. Bi Tamima, unakohoa?"

"Sikohoi."

"Jino linauma?"

"Meno yenyewe yako wapi, mwanangu?"

"Kidonda je?"

"Sina."

Shahida akainuka, akakaa, akainuka tena.

"We mtoto una upupu?" Mama aliuliza.

"Nnakwenda kunywa maji."

Alifika mlangoni akageuka. Kanga ya Bibi ilikuwa ikipanda na kushuka kifuani, haraka haraka. Shahida akarudi.

"Dokta, mvue soksi."

"Shahida," Bibi akasema, "nshakwambia nini?"

"Ulinambia ninyamaze, Bibi. Lakini mimi ndiye niliyetia dawa ya nywele kwenye hina."

Dokta Mmanga akazivua soksi polepole, maana zilikuwa zimegandana na ngozi.

Bibi alilazwa, vidonda vikasafishwa, akapewa dawa. Aliporudi kupimwa, damu ilikuwa imetulia na moyo unasukuma vizuri zaidi, ingawa maradhi yenyewe ni ya kuishi nayo. Mama hakumchapa Shahida. Alimpa kazi ya kumuosha Bibi miguu kila jioni mpaka ipone.

"Nilidhani nakukinga na bakora," Bibi alimwambia jioni moja, miguu ikiwa ndani ya beseni. "Kumbe nimemficha daktari kile kile anachokitafuta. Ukikosea, sema mapema, hata kama mkubwa kakwambia unyamaze. Siku ile ulifanya vizuri kuliko mimi."

"Naam, Bibi."

Bibi akamnyooshea mkono. "Haya, sikiliza. Vipi?"

Shahida akaweka vidole kifundoni.

"Kuku bado anakwenda upande," alisema. "Lakini sasa anatembea."