Sauti Iliyoita Mara Moja

Kila jioni Paulina alikuwa na kazi zake. Alifagia uwanja, akafungia kuku, kisha akachukua kamba na kwenda kuokota kuni kando ya korongo. Kazi mbili za kwanza alizipenda. Ya tatu aliichukia, na alikuwa na sababu: korongo lilikuwa likimwita kwa jina.

Zamani waliishi Ipagala, mjini Dodoma, ambako baba yake alikuwa fundi ujenzi. Baba alibaki huko na kazi yake, akawa anakuja Jumamosi. Paulina na mama yake, Emilia, walihamia kijijini karibu na Hombolo baada ya msiba wa bibi, ili Babu Yotham, mzazi wa baba, asibaki peke yake. Bibi huyo naye aliitwa Paulina. Mtoto alipozaliwa alipewa jina lake, na ukoo mzima ukasema ni jambo la kupendeza. Sasa mwenye jina alikuwa amezikwa nyuma ya shamba la zabibu, na mrithi wa jina hakuona tena linapendeza vipi.

Mara ya kwanza aliisikia sauti ile jua likizama. Ulikuwa mwezi wa Septemba, kiangazi kimekolea, korongo limebaki mchanga mtupu kati ya kingo mbili ndefu. Upepo ulikuwa umetulia. Paulina aliinama kuokota kijiti, ndipo sauti ikatoka kwenye kona ya korongo. Ilikuwa nzito, imezibwa, kama ya mtu anayesema akiwa chini ya ardhi.

"Paulina."

Mara moja tu, halafu kimya. Alitazama kila upande. Hapakuwa na mtu, ila mchanga, vichaka vya miiba na kivuli kirefu cha ukingo. Alirudi nyumbani mbio akiwa na vijiti vichache, na mama akamuuliza kama siku hizi miti imegoma kukauka.

Kesho yake shuleni alimweleza Sila, mvulana wa nyumba ya jirani. Sila alikuwa na majibu ya kila kitu, hata ya maswali ambayo hayajaulizwa.

"Umeitwa mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja."

"Basi huyo ni marehemu. Mtu aliye hai akikuita ukakaa kimya, si ataita tena? Marehemu anaita mara moja tu. Ukiitika, umeondoka naye."

"Naondoka kwenda wapi?"

"Hilo hawajarudi kusema," alijibu Sila, akaendelea kula muwa wake.

Tangu siku hiyo Paulina alikosa raha. Sauti ilikuja tena jioni nyingine, na nyingine, daima kutoka mahali pale pale, daima mara moja. Hakuitika hata siku moja. Akilala, alijifunika shuka mpaka kichwani, akahisi kuna mtu amesimama mlangoni akingoja jibu lake.

Nyumba yenyewe haikumsaidia. Bibi alipokuwa hai, kila jioni baada ya ugali na mlenda ndiye aliyeongoza sala. Sasa aliongoza mama. Babu alikuwa akiinuka taratibu, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nje gizani mpaka waseme amina. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mchana alishinda shambani, na akitaka maji ya kumwagilia mizabibu aliyoipogoa, alikwenda kuyachota mwenyewe korongoni. Mama alipojitolea kumsaidia alisema, "Kisima kile ni changu na mama yenu." Paulina alikatazwa kabisa kukikaribia, kwa kuwa kilikuwa shimo refu lililochimbwa mchangani.

Siku moja, wakati wanachambua majani ya mlenda, Paulina alishindwa kuvumilia.

"Mama, bibi ananiita."

Mama aliacha kuchambua. Paulina alimsimulia yote, pamoja na maneno ya Sila. Mama hakucheka, ingawa mdomo ulitaka.

"Sikiliza, mwanangu. Bibi yako alikufa akimtumaini Yesu. Yuko mahali pazuri, hana shughuli ya kuja kuita watoto korongoni jioni. Sijui ni nini unachosikia. Lakini woga ukikujia, sema na Mungu kwa sauti, kama unavyosema na mimi hapa jikoni. Usitafute maneno makubwa. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo nilipoolewa, maana na mimi nilikuwa mwoga."

"Wewe, mama?"

"Mimi. Nilikuwa naogopa hata fisi wa hadithi."

Ijumaa ya wiki hiyo mama alikwenda kanisani kufanya usafi na akina mama wenzake. Aliacha chakula cha babu kimefunikwa mezani. Paulina alifagia, akafungia kuku, akafika kando ya korongo mapema kuliko kawaida ili awahi kuondoka. Hakuwa ameinama hata mara moja sauti ilipokuja.

"Paulina."

Safari hii ilikuwa dhaifu, yenye kukwaruza. Paulina aliacha kamba pale pale akatimua mbio. Alifika nyumbani, akafunga mlango, akakaa sakafuni akihema. Alikaa hivyo mpaka moyo ulipotulia kidogo, ndipo akaona sahani ya babu. Ilikuwa bado imefunikwa.

Babu hakuwahi kuchelewa chakula. Huzuni ilimwondolea maneno, haikumwondolea njaa. Paulina alichungulia chumbani kwake, hayumo. Alitoka akatazama upande wa shamba, hayupo. Ndoo yake haikuwa mahali pake, wala kamba yake.

Hapo Paulina alielewa jambo lililomtisha kuliko marehemu. Labda aliyemwita alikuwa mtu hai. Labda alikuwa babu, na yeye amemkimbia.

Lakini kama siye? Kama akifika kule akaitika, na anayengoja si babu? Miguu ilikataa. Kanisani kulikuwa mbali, kwa akina Sila hakujua angesema nini, na jua lilikuwa linakaribia kuzama. Alisimama uani akilia, kisha akafungua mdomo na kusema kwa sauti, kuku wakiwa mashahidi: "Mungu, ni mimi Paulina. Ninaogopa sana. Sitaki kwenda. Lakini kama ni babu, atakufa. Twende wote, tafadhali, usiniache njiani."

Akaenda. Njia nzima alisema na Mungu, wakati mwingine akirudia neno lile lile tu, "twende, twende." Woga haukuondoka. Alishuka ukingo nao, akazunguka ile kona nao, mpaka akaona kamba ya ndoo ya babu imelala mchangani na shimo limebomoka upande mmoja. Kutoka ndani hakukusikika kitu.

Alikumbuka maneno ya Sila, akaitika.

"Abee."

Kisha ile sauti ya chini ya ardhi ikauliza, "Nani huyo?"

"Paulina."

"Paulina yupi?"

Hakuna swali lililowahi kumwogopesha namna ile. "Paulina wa Emilia," alisema huku akilia. "Babu, ni wewe?"

"Ni mimi, mjukuu wangu. Usisogee karibu, mchanga utakuporomokea na wewe. Umenifunika mpaka kifuani. Mguu siusikii. Kimbia kamwite Baba Sila, aje na sepetu na watu."

"Babu, usilale."

"Silali. Nenda."

Paulina hakuwahi kukimbia vile maishani mwake. Mzee Ernest, baba yake Sila, alikuja na majirani, sepetu na mbao. Walizuia kwanza kuta za shimo kwa mbao, kisha wakaanza kuchimbua polepole, maana kwa pupa wangemfukia kabisa. Sila alishika taa bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea kijijini. Mama alifika akiwa bado na kitambaa cha usafi mkononi. Alimkumbatia Paulina, wakasubiri wamesimama hivyo, wakiomba, mpaka babu alipotolewa akiwa hai, mguu umevunjika. Gari la jirani lilimpeleka hospitali usiku ule ule.

Babu aliporudi, mguu umefungwa plasta, alilazwa kwenye kitanda cha kamba barazani. Paulina alimletea uji, akabaki amesimama. Kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni.

"Babu, nisamehe. Nilisikia ukiita nikakimbia. Na siku nyingine zote nilisikia. Nilidhani ni bibi."

Babu aliweka kikombe chini. Mama, aliyekuwa anafagia, akasimama na ufagio wake.

"Siku nyingine zote?" babu aliuliza. "Kumbe ulikuwa unasikia. Pale kisimani mimi nilikuwa chini, bibi yako juu. Ndoo ikijaa naita jina lake mara moja, naye anavuta kamba. Hakuwahi kungoja niite mara ya pili. Alipokufa, mdomo ukaendelea wenyewe. Jioni nachota, ndoo inajaa, najikuta nimeita. Halafu nakumbuka. Nanyamaza, napanda juu kuvuta mwenyewe."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Na siku ile, Babu," Paulina alisema kwa sauti ndogo, "ulikuwa unaniita mimi?"

"Hapana, mjukuu wangu, sitakudanganya. Nilimwita yeye. Tangu msiba nilikuwa nimemnunia Mungu. Mnaposali natoka nje, mmeniona. Mchanga uliponifunika sikuwa na uso wa kumwomba, basi nikamwita mke wangu, nami najua hawezi kusikia. Mungu, ambaye sikumwita, ndiye aliyesikia. Akakuleta wewe."

"Lakini nilikuwa naogopa. Nilikuja nikiogopa mpaka mwisho."

"Ni vizuri ujue hili ungali mdogo," babu alisema. "Kumtumaini Mungu si kungoja woga uishe ndipo utoke. Unaenda naye, na woga wako mkononi. Na mtu akikuita, itika. Heri uitike bure kuliko kumwacha mwenzako shimoni kwa ajili ya maneno ya watu. Nami nina kosa langu: kisima cha mchanga hakishukwi na mtu peke yake. Nilikataa msaada kwa sababu ya uchungu, nikaona nitabaki na bibi yako mle. Mungu anatufariji kwa watu aliotuachia nyumbani, mimi nikawafukuza."

Jioni hiyo walikula barazani. Mama alipofumba macho kuanza sala, babu aligusa mkono wake.

"Mama Paulina, leo niachie mimi."

Aliomba kwa sauti ya kutafuta njia, kama mtu aliyerudi mahali baada ya siku nyingi. Alimshukuru Mungu kwa mkewe, akamtaja kwa jina. Kisha akashukuru kwa mjukuu wake, akalitaja jina lile lile mara ya pili, na Paulina akaona kwamba linawatosha wote wawili.

Siku iliyofuata, jua likikaribia kuzama, Mzee Ernest alikuja na Sila kumjulia babu hali, akakumbuka kwamba sepetu yake ilibaki korongoni. Mama alimtazama Paulina, akataka kumtuma Sila. Paulina akasema atakwenda yeye. Aliogopa kidogo, akaenda.