Nusu ya Aliyepika

“Nimekuona! Yule mzee kakutilia noti mkononi, ukacheka mpaka jino la mwisho!”

Mpishi alisema hayo huku akikatakata vitunguu kwa hasira. Mhudumu, mchumba wake wa mwaka wa pili, akaweka sinia chini.

“Amenipa bakshishi. Ulitaka ninune?”

“Kila siku meza ya dirishani! Mimi naungua jikoni, wewe unatongozwa ukumbini.”

“Usinivunjie heshima.”

“Basi soma.” Akamsogezea simu. Ujumbe ulitoka hoteli nyingine: “Nafasi ya mpishi bado ipo. Jibu kabla ya saa kumi.”

“Na sisi je?”

“Sisi hatupo tena.”

Binti wa watu machozi yakamlengalenga. Lakini mteja alipoita, alijifuta uso akatoka kuhudumia. Ndivyo alivyo, namvulia kofia. Hata wasiotoa senti huwapa tabasamu lile lile.

Hazikupita dakika tano, bosi akaingia jikoni, mama mtu mzima, ameongozana na mzee wa meza ya dirishani.

“Kijana, ndiye wewe unayepika wale samaki?” mzee akauliza. “Kila nikimpa yule binti bakshishi hunijibu, ‘Ahsante, nusu ni ya aliyepika.’ Leo nimeona nije nikushukuru mwenyewe.”

“Nusu ipi, mzee wangu? Sijawahi kuiona!”

Bosi akaguna. “Na ile bahasha ya pesa unayopewa kila Ijumaa unadhani natoa mimi? Mimi mkono wa birika, kila mtu anajua! Huileta yeye. Kaniapisha nisiseme, maana kwa kiburi chako ungeikataa.”

Bahasha ile ndiyo iliyomfanya mpishi awahi sokoni kuchagua samaki mwenyewe, ikamfanya ajione fundi. Kumbe aliyekuwa akimpa moyo ni binti yule yule ambaye yeye ametoka kumwacha sasa hivi!

Akaandika kwenye simu: “Siji.” Kisha akatoka na aproni yake mpaka ukumbini, mbele ya wateja.

“Nisamehe,” akanong'ona. “Nimekukosea sana. Nakupenda, naomba tuoane mwezi huu huu.”

“Sema kwa sauti,” mhudumu akajibu, macho mekundu. “Kunifokea ulisikika mpaka barabarani.”

Akarudia kwa sauti. Ukumbi mzima ukamgeukia binti.

“Nimekubali,” akasema huku analia na kucheka. “Sasa rudi jikoni, meza ya mlangoni wana njaa.”