Chaki Kwenye Klampu ya Nne

Kila siku akitoka shule, Bi Mbio alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akavaa shati kuukuu la shangazi yake na kukunja mikono mara tatu. Hapo alikuwa fundi kamili, kwa maoni yake mwenyewe. Gereji ya Shangazi ilikuwa uani, nyuma ya nyumba: paa la mabati, meza ya chuma na ukuta wa kutundikia spana. Jina la Bi Mbio alipewa na Shangazi huyo huyo, maana mtoto alifanya kila kitu kama anayefukuzwa.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba. Leo taratibu, mwanangu. Gari la babu yako lina homa."

Babu, aliyekaa kwenye kigoda kando ya gari, alinuna. "Homa gani? Limechoka tu, kama mwenyewe."

Ukweli ni kwamba gari hilo lilikuwa limewaaibisha mara mbili. Kila lilipopanda mlima mrefu wa kwenda hospitali, mafuta ya giaboksi yalichemka, gia zikagoma, wakabaki njiani. Na kesho asubuhi Bibi alitakiwa awe huko juu kabla ya saa mbili, akafanyiwe upasuaji wa jicho. Alikuwa ameingoja siku hiyo miezi saba, akipapasa kuta za nyumba yake mwenyewe.

Shangazi aliinua kifaa chembamba chenye mapezi mengi ya bati. "Hiki ni kipoza mafuta. Kinakaa mbele ya rejeta, kinapigwa upepo. Mafuta ya moto yanatoka kwenye giaboksi kwa mpira huu, yanapoa humu, yanarudi kwa mpira ule."

"Kumbe ni kama mimi ninavyopuliza chai," alisema Babu.

"Ila chenyewe hakipigi kelele, Baba."

Shangazi alikifunga kipoza kwa boliti, akiacha upenyo wa kidole kati yake na rejeta. Zikabaki klampu nne, vile vikanda vya chuma vinavyobana mpira usichomoke. Mkono wa Shangazi haukupenya pale. Wa Bi Mbio ulipenya.

"Kaza kwanza, chaki baadaye," Shangazi alimkumbusha. Ndiyo ilikuwa sheria ya gereji ile. Alama ya chaki ilimaanisha: mkono wangu umepita hapa.

Lakini chaki ilikuwa tayari mkononi, na Bi Mbio ni Bi Mbio. Alichora alama zote nne kwa mkupuo, ndipo akashika bisibisi. Alikaza ya kwanza, ya pili, na ya tatu iliyomchubua kidole. Mara Bibi akaita dirishani, "Mjukuu wangu, njoo unichagulie kitambaa cha kichwa, mimi rangi sizioni!" Akatoka mbio.

Aliporudi, boneti ilikuwa imefungwa. Shangazi alikuwa ameona alama nne, akawasha injini, akachungulia chini akaona pakavu, akaongeza mafuta kidogo. Kazi imekwisha.

Asubuhi, Bibi alikaa kiti cha nyuma na kitambaa chake cha manjano. Babu akawasha gari. Bi Mbio alikuwa anafungua geti aliposikia Shangazi akijisifu, "Klampu zote nne kakaza mjukuu wako huyu."

Zote nne? Bi Mbio alihesabu moyoni. Ya tatu ilimchubua kidole, kisha Bibi akaita. Labda aliikaza akasahau. Mbona jana halikuvuja? Akisema, Shangazi hatampa tena bisibisi maishani. Asiposema... Alimtazama Bibi, aliyekuwa anatabasamu upande ambao hapakuwa na mtu.

"Babu, zima gari!" Alisimama mbele ya boneti. "Shangazi, nilichora chaki kabla ya kukaza. Ya nne sikuikaza." Machozi yakamtoka.

Shangazi alisogea mbele ya gari. Alifungua boneti, akapenyeza kidole kimoja, akaisukuma klampu ya nne. Ikazunguka kama pete kwenye kidole chembamba.

"Jana injini haikupata moto, ndiyo maana mpira ulishika," alisema polepole. "Mlimani ungechomoka." Alifuta alama zote nne kwa kitambaa, akamkabidhi mtoto bisibisi. "Anza upya. Moja moja: kaza, kisha chaki."

Waliondoka wamechelewa robo saa. Mlimani gia zilipanda bila kunung'unika, na Babu akapiga mluzi mpaka kwenye geti la hospitali. Bibi alipokelewa kwa wakati.

Siku mbili baadaye, alipotolewa bandeji na kurudi nyumbani, Bibi hakwenda ndani kupumzika. Alikwenda moja kwa moja gerejini, akataka boneti ifunguliwe.

Bi Mbio alisimama kando, kichwa chini. Shangazi akamshika bega. "Usiinamishe kichwa. Klampu iliyolegea inakazwa kwa bisibisi. Chaki iliyosema uongo inarekebishwa na mwenye kuichora tu, kwa kusema kweli, tena mapema. Uliona aibu na bado ukasema. Kwa hiyo bisibisi ile ni yako."

Bibi alikuwa ameinama juu ya injini, anahesabu alama za chaki kwa kidole. "Moja... mbili... tatu... nne." Akageuka, akamtazama mjukuu wake usoni, sawasawa kabisa. "Nazisoma zote, mama. Na hii ya nne ndiyo imenyooka kuliko zote."