Chumba Kisicho na Kitanda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Teagan Vavra alimfunga bibi yake vifungo vya sweta. Bibi Lorraine alikuwa amepata kiharusi mwishoni mwa kiangazi, na mkono wake wa kushoto ukabaki umelegea ubavuni. Mambo mengi aliyaweza kwa mkono mmoja, hata kumenya viazi akivibana kwa kiwiko. Vifungo ndivyo vilivyomshinda, na jambo hilo lilimkera kila siku upya.

"Hicho cha juu kiache," alisema. "Unaninyonga."

"Nje theluji imefika magotini, Bibi."

"Kwani mimi ndiye ninayetoka? Nenda wewe, utachelewa."

Teagan alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake alikuwa muuguzi katika mji wa Denby, mwendo wa saa mbili kwa gari, na hakuweza kuwaacha wagonjwa wake. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba Teagan ahamie Orrick akae na bibi. Alifungasha nguo zake na viatu vyake vya mieleka, akaja. Hakujua kwamba kuhama huko kungemtoa kwenye timu.

Huko Iowa, Marekani, mieleka si mchezo wa kupitisha wakati. Siku ya pambano ukumbi wa shule hujaa watu kuliko kanisa siku ya Krismasi, na wazee hubishana juu ya mshiko uliokosewa mwaka ambao wewe hujazaliwa. Kwa sababu hiyo kuna kanuni kali. Mwanafunzi anayehama shule bila mzazi wake kuhama naye haruhusiwi kupigana katika timu kubwa msimu mzima. Kanuni hiyo iliwekwa ili shule zisinyang'anyane wanamieleka hodari. Zamani Teagan aliiona kuwa kanuni nzuri. Sasa ilikuwa imemkamata yeye, aliyehama kwa ajili ya vifungo vya sweta. Rufaa yake ingesikilizwa Januari, na hadi hapo alifanya mazoezi tu.

Alifanya mazoezi na Maribel Ochoa. Maribel alikuwa mwaka wa mwisho. Miaka mitatu alikaa benchi nyuma ya wasichana waliomtangulia, na mwaka huu nafasi pekee ya timu katika uzito wao ilikuwa yake hatimaye. Ndipo akaja Paisley Kessler, bingwa wa jimbo, kutoka shule nyingine. Baba yake, Bwana Rex Kessler, alisema familia imehamia Orrick, kwenye chumba kilicho juu ya duka la viatu la Bi Lindgren. Mzazi amehama, kanuni imetimizwa. Paisley akapewa nafasi, na Maribel akarudi benchi.

"Unasukuma kama mtu anayefungua friji," Maribel alimtania Teagan siku moja, wameshikana vichwa mkekani.

"Na wewe unanuka kama kilicho ndani ya friji."

Maribel alicheka, akamkata miguu, wakaanguka pamoja. Hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini siku za pambano, Paisley alipokuwa akiinuliwa mkono na mwamuzi kwa ushindi, Teagan aliona jinsi Maribel alivyopiga makofi huku akiangalia sakafu.

Siku moja baada ya mazoezi Paisley aliisahau kinga yake ya masikio. Kesho yake kulikuwa na pambano, kwa hiyo Teagan akaamua kumpelekea. Alipanda ngazi za pembeni mwa duka la viatu, akabisha hodi. Kitasa kilikuwa kibovu, na mlango ukafunguka wenyewe kwa upepo.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Kwenye sinki palikuwa na kopo la maziwa lililopasuka, maziwa yameganda na kuota ukungu wa kijani, na kando yake panya aliyekufa zamani. Teagan aliziba pua. Chumbani hapakuwa na meza, hapakuwa na pazia, hapakuwa na kitanda. Palikuwa na kiti kimoja cha kukunja, na nzi waliokauka wamejaa dirishani.

Bi Lindgren alikuwa chini akisukuma theluji mlangoni kwake. "Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Paisley. Hawa wanalala wapi?"

"Wanalala kwao, kule walikotoka. Hapa sijamwona mtu akilala hata siku moja. Baba yake alikuja siku ya kupanga, akaacha maziwa yake, akaenda zake. Harufu hiyo inashuka mpaka dukani kwangu, na nikimpigia simu hapokei."

Teagan alirudi nyumbani akiwa ameishika ile kinga kwa vidole viwili. Chakula cha jioni kilimshinda. Si panya aliyemchafua moyo. Alikuwa akimwona Maribel akipiga makofi na kuangalia sakafu.

Kesho yake alimwendea Kocha Stroud ofisini, akaiweka kinga ya Paisley mezani, akamweleza. Kocha alimsikiliza huku akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe cha karatasi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo, kocha."

"Anwani ipo. Pango linalipwa. Mimi sikagui vitanda vya watu." Akatema. "Wewe umekuja Orrick kuwa mwanamieleka au mpelelezi?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Sikuuliza. Kuna tofauti." Akamwangalia kwa jicho la kumchoka. "Mji huu haujapata taji miaka mingi, Teagan. Usituharibie."

Teagan alitazama kile kikombe chenye mate na maganda, akageuka. Alitoka bila kuaga.

Jioni hiyo hiyo Bwana Kessler alibisha hodi kwa Bibi Lorraine. Alileta sinia ya mikate mitamu ya mdalasini, akaketi bila kukaribishwa vizuri, viatu vyake vikidondosha theluji kwenye zulia.

"Kocha ameniambia una wasiwasi," alimwambia Teagan kwa upole. "Wewe ni msichana mwerevu. Na unaonewa, mimi nasema wazi. Sasa sikiliza. Kile chumba ni kikubwa. Tutaongeza jina la mama yako kwenye mkataba. Yeye aendelee na kazi yake huko Denby, hakuna atakayeuliza. Kwenye kikao cha rufaa utasema mama kahamia hapa, basi. Msimu huu utapigana siku Paisley anapopumzika, na mwakani, akiwa amemaliza shule, nafasi ni yako. Kila mtu anafurahi."

"Na Maribel?"

"Nani?"

"Maribel Ochoa."

"Ah, yule." Bwana Kessler alitabasamu. "Yule anajitahidi, mtoto wa watu. Lakini mimi nimewekeza kwa Paisley tangu ana miaka sita. Mashine kama ile huiachi ikae ghalani."

Teagan alijua angepaswa kusema hapana papo hapo. Hakusema. Kwa muda mfupi alijiona katikati ya mkeka, taa juu yake, mkono wake ukiinuliwa, na kilichohitajika kilikuwa jina tu. Kisha akaona kwamba alikuwa akimtazama yule mtu kwa tamaa, kama mtoto anayetazama sinia ya mikate. Akajichukia kiasi kwamba uso ulimwaka moto.

"Hapana," alisema. "Chukua mikate yako."

"Fikiria kwanza, binti."

"Amekwisha kufikiri," alisema Bibi Lorraine. "Mlango ule pale. Na unapotoka, ufute hayo maji uliyomwaga kwenye zulia langu. Mimi mkono mmoja haufanyi kazi."

Bwana Kessler alitoka bila kufuta kitu.

Teagan hakutaka kusema mambo nyuma ya mgongo wa mtu. Siku iliyofuata alimkuta Paisley peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Nimekiona chumba chenu," alimwambia. "Wakiniuliza kwenye kikao, nitasema."

Paisley alifunga kamba za viatu bila kuinua kichwa. "Una wivu tu. Huwezi kunishinda mkekani, unanitafutia njia ya ofisini."

"Labda siwezi kukushinda. Lakini Maribel—"

"Maribel, Maribel! Unadhani mimi niliulizwa?" Paisley alisimama ghafla, macho mekundu. "Kila siku naamshwa gizani, naletwa huku, narudishwa gizani. Marafiki zangu wote wako kule. Nikimwambia baba nimechoka, anasema bingwa hachoki. Haya, sema. Sema uone watakavyokufanya." Akachukua mkoba, akampiga bega akipita.

 Teagan alikuwa amemchukia msichana huyu tangu alipokiona kile chumba. Sasa chuki yote ilihama, ikaenda kwa mtu mzima aliyemwita mwanawe mashine.

Kikao kilifanyika katika ofisi za chama cha michezo, mbele ya watu watatu. Mama yake Teagan alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare. Mwenyekiti, mama mwenye nywele nyeupe, alikuwa mpole lakini hakuzunguka.

"Binti, mama yako angepanga chumba Orrick, tusingekuwa hapa leo. Wengi hufanya hivyo. Kwa nini hakupanga?"

"Kwa sababu asingelala humo," Teagan alijibu. "Analala Denby, karibu na wagonjwa wake. Chumba hicho kingekuwa uongo. Nimeshaona kimoja, hakina kitanda."

"Kimoja kipi?"

Mama yake alimshika mkono chini ya meza. Teagan akasema. Alisema alichokiona na alichoambiwa na Bi Lindgren, na alisema pia kwamba Bwana Kessler alikuja nyumbani kuwapa chumba hicho hicho. Hakuongeza neno.

Mzee mmoja wa kikao aliegemea mbele. "Uzito wenu ni mmoja, wewe na huyo Paisley. Unatuambia haya ili upate nafasi yake?"

"Nafasi naitaka, bwana. Siwezi kukudanganya. Lakini hata mkininyima, chumba kile bado hakina kitanda."

 Mwenyekiti aliandika kitu, kisha akaweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

Chama kilituma watu Orrick. Walipanda ngazi za Bi Lindgren, wakashuka haraka wameziba pua. Paisley alifungiwa msimu mzima, naye akarudi shule yake ya zamani. Kocha Stroud alisimamishwa. Rufaa ya Teagan ilikubaliwa, kwa kuwa alikuwa amehama kumhudumia mgonjwa.

Mjini hawakumshangilia. Wakati wa chakula cha mchana shuleni mvulana mmoja alilitemea bakuli la maharage la Teagan, akasema, "Kula, mbea." Kwenye duka la vyakula mama mmoja alimgeuzia mgongo. Teagan aliona ajabu. Watu hawa walikaa na uvundo ule msimu mzima hawakukunja pua, na sasa pua zote zimekunjwa kwake.

Maribel ndiye aliyelibeba lile bakuli, akalimwaga kwenye pipa, akarudi na bakuli lake mwenyewe na vijiko viwili.

"Nafasi ichukue wewe," Teagan alimwambia. "Ilikuwa yako tangu mwanzo."

Maribel aliweka kijiko chini. "Usinichefue na wewe."

"Nimesema nini?"

"Nimeshanyang'anywa nafasi, na sasa unataka kunipa kama sadaka. Sitaki. Tuna mkeka, tuna mwamuzi. Tupigane, anayeshinda aende mashindano ya wilaya. Na ole wako unilegezee. Nitajua."

Walipigana Alhamisi baada ya masomo, mbele ya timu na wazazi wachache. Bibi Lorraine alikuja na gongo lake. Teagan hakulegeza hata kidogo. Alitangulia kwa pointi, akamwangusha Maribel mara moja kwa mshiko safi wa mguu mmoja, na kwa muda aliamini kwamba atashinda. Lakini Maribel alikuwa na miaka mitatu ya benchi mwilini mwake. Alinyanyuka, akamzunguka, akambana kiuno, akamgeuza taratibu kama mtu anayegeuza gunia zito, mpaka mabega yote mawili ya Teagan yakagusa mkeka. Mwamuzi akapiga kofi sakafuni: Maribel ameshinda.

Maribel alilia. Kisha akampa Teagan mkono, akamvuta juu, wakakumbatiana wakiwa wamelowa jasho.

Teagan aliketi kando ya bibi yake, akihema. "Nimeshindwa, Bibi."

"Nimeona. Macho yangu hayakupata kiharusi." Bibi Lorraine alimfuta jasho kwa mkono wake mzima. "Unajisikia vibaya?"

Teagan alifikiri. "Najisikia vibaya. Lakini sijisikii mchafu."

"Basi likamate hilo. Kanuni huandikwa na watu, mjukuu wangu, na watu hukosea. Ile ilikukosea wewe. Mtu akikosewa na kanuni, anasimama mbele ya walioiandika na kuwaambia, kama ulivyofanya, hata kama sauti inatetemeka. Yule bwana aliidanganya. Akadhani anaidanganya karatasi, kumbe aliyekuwa akimwibia ni yule msichana pale, na binti yake mwenyewe pia. Ukiudanganya mchezo, daima kuna mtoto wa mtu anayekaa benchi kwa ajili yako. Hicho ndicho kinachonuka."

Upande wa pili wa ukumbi Maribel alikuwa ameshaosha uso na kurudi katikati ya mkeka. Mashindano ya wilaya yalikuwa Jumamosi.

"Wewe friji!" aliita. "Nani atanifanyisha mazoezi?"

Bibi Lorraine alimsukuma Teagan mgongoni kwa gongo. "Unaitwa. Nenda."

Teagan akasimama, akakaza kinga yake ya masikio, akarudi mkekani.