Hodi za Gasper

Jua linazama ziwani, na Gasper bado anadunda ardhi ya watu pale Simbo. Ndiyo kazi yake: anasimamisha chuma chenye ncha, anainua nyundo, anaiachia. Chuma kikizama sana, udongo huo hautabeba barabara. Kazi haina ubaya. Mdomo ndio mbovu.

Kila nyundo ikishuka, anasema, "Hodi!"

Mwenzake Bariki, aliyeshika rula, anajibu, "Karibu!"

Wanacheka. Watu wazima na ndevu zao! Tangu asubuhi ni huo mchezo tu.

Bibi Rozalia akapita na kuni zake kichwani. Akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unambishia nani hodi?"

"Udongo, bibi."

"Na huyu anayekaribisha, nyumba ni yake?" Akatema mate. "Hapo palikuwa na kaya. Walilala wazima, hawakuamka hata mmoja. Tukawaangushia nyumba juu yao, tukahama. Haya, umewatembelea. Nao wakija kwako, ombea asiwepo wa kuwaitikia."

Akaenda zake.

Gasper alitaka kucheka, kicheko kikamkauka. Nyumbani Mwandiga ana binti, Happiness, amejua kusema juzi juzi tu. Hata mbuzi akigonga mlango, yeye, "Kalibu!"

"Malizia, twende," Bariki akanong'ona.

Nyundo ikashuka. Safari hii hakuna aliyesema neno. Chuma kikazama chote, kama kisu kwenye papai bovu. Walipokichomoa, shimo likatoa harufu...

Moshi wa kuni. Maharage yanayoungua.

Halafu, kutoka chini:

Du.

Du.

Hawakukusanya kitu. Pikipiki ilivyofika Mwandiga, Gasper hajui.

Akamkuta mkewe Esther anasonga ugali, mtoto kakaa mkekani. Hata viatu hajavua, harufu ikamfikia puani.

"Mama Happy, umeunguza maharage?"

"Maharage ya wapi? Leo dagaa."

Du.

Chini ya sakafu.

Gasper akamrukia mtoto, akamziba mdomo kwa kiganja. Du. Du. Akamkumbatia hivyo hivyo mpaka kukawa kimya. Ndipo akamwachia.

Happiness hakulia. Alitazama nyuma ya baba yake, akamsogelea sikioni.

"Baba... mbona walishaingia? Nilisema kalibu."

Nyuma ya Gasper mkeka ukalia taratibu, kama unavyolia watu wakijibana kupeana nafasi ya kukaa.